Likizo ya Oktoba kwenye nyumba ya mashambani Ireland: majibu ya maswali yenu

Shikamoo dada. Tuko Birmingham na watoto watatu. Tumepata nyumba Connemara wiki ya mwisho ya Oktoba. Si tutashinda ndani kwa mvua? (Mama wa watatu)

Marahaba. Mvua itawanyeshea, hilo msiwe na shaka nalo. Magharibi mwa Ireland ndiko mawingu ya Atlantiki yanakofikia kwanza. Ila mara nyingi huja kwa vipindi: dakika ishirini za kumiminika, kisha jua linachomoza na vinamasi vyote vinang'aa rangi ya kutu, kwa sababu nyasi zake hugeuka hivyo msimu huu. Kwa macho yangu Connemara ya Oktoba inapendeza kuliko ya Julai.

Nendeni, lakini msipange siku kama za kiangazi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na kuanzia hapo jua linazama karibu saa kumi na moja jioni. Fanyeni jambo moja tu kwa siku, tena asubuhi: njia za Diamond Hill pale Letterfrack, au ufukweni mkiwa na mabuti ya mpira. Jioni ni ya nyumba. Kwa hiyo ichagueni kwa meko yake kwanza, mandhari baadaye. Mwulizeni mwenyewe kama kuni zimo kwenye bei, na umeme unalipiwaje, maana wengine husoma mita siku ya kuondoka.

Huo moto unawashwaje? Mwaka jana tulijaza moshi sebuleni. (Kaka wa Leeds)

Huenda tundu la hewa lilikuwa limefungwa. Fungua kwanza mlango mdogo wa hewa chini ya jiko, panga vijiti vikavu juu ya vipande vya kuwashia, na uache vishike vizuri kabla ya kuongeza gogo. Ukikuta gunia la turf, yaani udongo mweusi wa kinamasi uliokatwa kama matofali na kukaushwa, visimamishe vipande wima vikiegemeana ili hewa ipite katikati. Hauwaki kwa pupa. Unafuka, unageuka mwekundu taratibu, na harufu yake ya udongo na moshi inaingia hadi kwenye sweta za watoto. Tangu Oktoba 2022 sheria imezuia kuuuza madukani na mtandaoni, kwa hiyo huenda utaupata tu kama mwenye nyumba amekuachia. Kuni kavu za mifuko zinauzwa hata vituo vya mafuta.

Mawili nayasisitiza. Hakikisha kengele ya gesi ya kaboni monoksidi ipo na inalia ukiijaribu. Na jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe, hata kwa kuchoma mahindi mawili. Gesi hiyo haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Majivu yatolewe nje kwenye ndoo ya chuma, maana makaa hudumu na moto usiku kucha.

Maji ya kuoga nayo yana swichi yake, mara nyingi ukutani karibu na tangi. Iwashe mapema, watoto waoge, kisha uizime.

Naishi Dubai, pasipoti yangu ya Tanzania. Viza ya Schengen inatosha? (Baba Dubai)

Haitoshi. Ireland haimo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja; omba viza yake. Mkitaka kuvuka hadi Belfast, iliyo Ireland Kaskazini, mtahitaji na ya Uingereza, ingawa barabarani hamtaona kizuizi. Gari linaendeshwa kushoto, kama ulivyojifunza nyumbani. Njia ndogo za vijijini ni za kilomita 60 kwa saa tangu Februari 2025, na nyingine ni nyembamba hadi mmoja arudi nyuma kumpisha mwenzake. Omba Eircode ya nyumba, yaani msimbo wake wa posta: kila anwani ina yake, na bila hiyo mtazunguka gizani.

Tutapata nyama halali huko shamba? (Bi. Mkubwa, London)

Kijijini ni bahati. Nunueni Dublin au Galway mkiwa njiani, mbebe na unga wa ugali. Mkipitia kaunti ya Mayo, mji mdogo wa Ballyhaunis una kiwanda cha nyama halali cha miaka mingi, na msikiti uliojengwa 1987. Samaki na kome wa pwani ile hawahitaji maelezo.

Watoto wamesikia Halloween imetoka Ireland. Tufanye nini nao jioni? (Mama Nairobi)

Wamesikia sawa. Imetokana na Samhain, sikukuu ya kale ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi, na zamani taa zilichongwa kwenye tanipu (mboga ya mzizi), si maboga. Sehemu inayonivutia zaidi ni mkate wake, barmbrack, unaookwa na pete ndani. Atakayeipata, wanasema, ataoa au kuolewa. Upo wa aina rahisi usiohitaji hamira. Lowekeni zabibu kavu na sukari kwenye chai ya rangi iliyopoa, usiku kucha. Asubuhi zitakuwa zimevimba na kunywa karibu chai yote. Changanyeni na unga wenye baking powder, yai na mdalasini kidogo, muoke kama saa moja. Pete izungushieni karatasi ya kuokea, na wadogo wasipewe kipande kabla mtu mzima hajakikagua. Mnakula na siagi, ukiwa bado una joto.