Kigezo cha rejeo kwanza, miito ya C baadaye

Ukiunda lugha yako ya programu na kujiuliza kipi kitangulie, vigezo vya rejeo au kuita fanksheni za lugha ya C, jibu langu ni vigezo vya rejeo. Lugha yangu ndogo ya programu ilizaliwa Kadutu, hapa Bukavu, kwa ajili ya daftari la likelemba ya mama, yaani mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Nilitaka niandike lipa(salio, 20) na salio liongezeke. Halikuongezeka. Fanksheni lipa (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina) ilipokea nakala ya salio, ikaweka pesa kwenye nakala, nakala ikatupwa. Ni kama kumpa mshika pesa fotokopi ya daftari: ataandika hadi jioni, na daftari lenyewe litabaki vilevile.

Nikaongeza vigezo vya rejeo: fanksheni inapewa anwani ya mahali salio linapokaa kwenye kumbukumbu. Kwenye kompaila, programu inayotafsiri lugha yangu iwe amri za mashine, ilikuwa mistari michache. Kilichonichosha ni kuamua sheria. Lugha ya Pascal huweka neno var pale fanksheni inapotangazwa tu, kwa hiyo anayesoma mahali fanksheni inapoitwa haoni kitu. Lugha ya C# hudai alama pande zote mbili. Nimeifuata hiyo, maana usiku, umeme umekatika na betri inaisha, nataka nione kwa macho ni kipi kitaguswa. Pia kompaila yako ikatae rejeo la namba iliyoandikwa moja kwa moja, kama 4. Baadhi ya kompaila za zamani za lugha ya Fortran ziliruhusu, na 4 ikaweza kugeuka kuwa namba nyingine ndani ya programu!

Ndipo ukaribishe C. Scanf, fanksheni ya C ya kusoma data, yenyewe hudai anwani, kwa hiyo nusu ya kazi utakuwa umeshaimaliza. Ukianza na miito hiyo ya C, utabuni vielekezi (thamani zinazobeba anwani) harakaharaka na utavijutia.

Nusu iliyobaki, yaani kuita C yenyewe, ilinila siku tatu. Printf, fanksheni ya C ya kuchapa, ilichapa namba kamili vizuri. Nilipoipa dola 12.50, programu ikaanguka. Kwenye Linux ya x86-64 (prosesa za Intel na AMD za biti 64), namba kamili sita za kwanza zinazopewa fanksheni hupitia rejista, vihifadhi vidogo ndani ya prosesa: rdi, rsi, rdx, rcx, r8 na r9. Hapo nilikuwa sawa. Ila anwani ya steki (sehemu ya kumbukumbu ambako fanksheni huweka vitu vyake vya muda) lazima igawanyike kwa 16 kabla tu ya mwito, na yangu ilizidi kwa baiti 8. Kukiwa na desimali, rejista al hubeba idadi ya rejista za xmm, zile za desimali, zilizotumika, na printf huzihifadhi kwa amri isiyovumilia steki isiyogawanyika kwa 16. Kwa namba kamili al ilikuwa 0, hatua hiyo ikarukwa, kosa likajificha.

Dawa ilikuwa sub rsp, 8, amri inayosogeza steki kwa baiti 8. Nikamwonyesha mama dola zake na senti zake. Akauliza mbona faranga hazimo.