Kabla ya kusema jeni imewaka, ondoa sukari

Msomaji mmoja ameandika kwa furaha: kuvu yake, Aspergillus niger, akiipima kwa DNS (kemikali inayobadilika rangi ikikutana na sukari), imetoa zailanasi nyingi (kimeng'enya kinachokata zailani ya mimea) ndani ya glukosi, basi jeni yake haizuiwi na CreA, protini inayozima jeni glukosi ikiwapo. Ndugu yangu, sentensi hiyo usiiandike bado. DNS haitambui zailanasi. Inatambua sukari punguzi yoyote (sukari inayotoa elektroni kwa urahisi), na glukosi ni mojawapo. Rangi uliyosoma kwenye urefu wa wimbi wa nm 540 huenda ni chakula ulichoiwekea kuvu mwenyewe. Inauma kuona tasnifu nzima imesimama juu ya rangi hiyo.

Chuja kioevu, kitie kwenye mfuko wa dayalisisi (hupitisha sukari, hubakiza kimeng'enya), kilale kwenye bafa, yaani kimiminika kinachotuliza pH, kwa nyuzi 4, ukiibadilisha mara mbili. Kisha changanya ml 0.9 za zailani ya asilimia 1, iliyoyeyushwa kwenye bafa ya sitrati mM 50 yenye pH 5, na ml 0.1 za kimeng'enya. Weka nyuzi 50 kwa dakika 5, simamisha kwa ml 1.5 za DNS, chemsha dakika 5, soma. Kila sampuli iwe na pacha ambamo DNS imetangulia kimeng'enya. Bila pacha huyo, namba tupa. Mstari wa kulinganishia utengeneze kwa zailosi, sukari inayounda zailani. Rudia kwa dakika 10: sukari isipofika maradufu, zimua kimeng'enya.

Hapo umepima kimeng'enya tu. Jeni haijasema kitu, kwani protease (kimeng'enya kinachokata protini) huweza kula kimeng'enya ilhali mRNA, nakala ya jeni, imejaa tele. Kuza kuvu kwenye fruktosi usiku kucha kwa nyuzi 30, chuja, osha haraka, gawa uzito sawa kwenye chupa nne: bila sukari, zailosi mM 1, zailosi mM 50, na zailosi mM 1 pamoja na glukosi mM 50. Baada ya saa 2, chuja na ugandishe papo hapo kwenye naitrojeni kimiminika, kisha pima mRNA. Chupa ya tatu usiiache: protini XlnR huwasha jeni, CreA huzima, na zailosi huwaamsha wote wawili, ndiyo maana mM 1 hushinda mM 50.

Jeni ya kulinganishia mRNA, ile isiyopaswa kubadilika, isiwe gpdA. Ni ya glikolisisi (njia ya seli ya kuvunja sukari), huyumba na sukari.

Pima pia pH ya kila chupa mwishoni. Amonia ikiliwa, pH hushuka, na PacC, protini inayodhibiti jeni kulingana na pH, huingilia kati. Kwa kuvu ndugu yake, Aspergillus nidulans, jeni ya zailanasi xlnA hupenda alkali, nyingine, xlnB, hupenda asidi: chupa mbili zenye pH tofauti hazilinganishi sukari tena.