Maswali na majibu: Kushukuru huku moyo unauma

Barua za safari hii zimetoka Kirumba, Sengerema, Ukara, Nyegezi na Igoma. Nimezifupisha na majina nimeyaondoa. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu anamshukuruje Mungu siku ambayo haoni la kushukuria?

Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Nauza dagaa hapa mwaloni Kirumba. Mbalamwezi ikiingia mzigo unaadimika, na giza lililopita mvua iliwakuta dagaa wangu chanjani, wakaharibika, nikawatoa kwa bei ya chakula cha kuku. Marejesho ya kikoba hayajui mvua. Kanisani naambiwa nishukuru kwa kila jambo. Nishukuru kwa dagaa waliooza?

Asifiwe sana, mama. Hapana, Mungu hakudai asante kwa dagaa waliooza. Paulo aliyewaandikia Wathesalonike "shukuruni kwa kila jambo" ndiye aliyewaandikia Wakorintho kwamba kule Asia walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Yote mawili aliyasema, na hakuona haya.

Fungua Habakuki sura ya 3, usome aya ya 17 na ya 18 bila haraka. Nabii anaanza kwa kutaja hasara: mtini hauchanui, mzabibu hauna matunda, shamba halitoi chakula, zizini hamna ng'ombe. Anaihesabu mbele za Mungu moja baada ya nyingine, ndipo anasema atamfurahia Bwana. Makanisani tumezoea kuiruka aya ya 17 tukimbilie ya 18, na mtu aliyepoteza mtaji anaitikia "Amina" asiyoimaanisha. Hilo linaniumiza sana. Basi leo usiku mtajie Mungu idadi ya magunia yaliyoharibika. Mtajie na tarehe ya marejesho. Ukimaliza, taja jema moja ulilopewa bure siku hiyohiyo, hata kama ni mtoto wa jirani aliyekimbia kukusaidia kukusanya dagaa matone yalipoanza. Hiyo ni shukrani kamili, na machozi yako yamo ndani yake.

Kuna na la kikoba. Dagaa hufuata taa za wavuvi. Mwezi ukiwaka, taa inakosa nguvu, na kila mtu mwaloni anazijua siku hizo kabla hazijafika. Pelekeni hoja kikundini ili marejesho makubwa yaangukie siku za giza. Wenzako wanaifunga mikanda kwa mbalamwezi hiyohiyo, watakuelewa. Ila mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, ili ulipe kikoba, mama yangu, usithubutu. Mkopo huo utakula hata kile kidogo kilichobaki.

Tumsifu Yesu Kristo. Natoka Sengerema, nafanya kazi mjini Mwanza. Zamani nikisubiri pantoni pale Busisi nilikuwa namaliza rozari nzima. Tangu daraja lifunguliwe navuka mara moja, na sala imekufa. Nifanyeje?

Milele na milele, amina. Daraja lilifunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 na ushei, na fungu moja la rozari linaenea vizuri kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Kama wewe ndiye dereva, rozari ikae mfukoni na macho yawe barabarani. Mafungu mengine yatafutie saa nyumbani, kwa sababu muda uliokuwa unaumalizia kwenye foleni sasa ni wako.

Katika fungu hilo la darajani wakumbuke akina mama waliokuwa wakitegemea foleni ile kuuza samaki wa kukaanga na mahindi ya kuchoma. Sisi tumepata wepesi, wao wamepoteza wateja. Ukipita na hela mfukoni, shuka ununue.

Shikamoo mwalimu. Dada yangu alifariki kwenye MV Nyerere, kivuko kilichopinduka huku Ukara. Kila Septemba nasikia waliookoka, na waliochelewa kupanda siku ile, wakishuhudia: "Mungu alinipenda, akaniokoa." Najiuliza, dada yangu hakupendwa? Na mpaka leo nikipanda mtumbwi natetemeka. Je, imani yangu ni ndogo?

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Miaka inapita, lakini tarehe 20 Septemba 2018 haijawa historia kwa watu wa Ukara, kama vile Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama, haijawa historia kwa familia nyingi za Mwanza na Bukoba.

Swali lako Bwana mwenyewe aliwahi kuliuliza. Katika Luka 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, kisha anawauliza wasikilizaji wake: mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu, la. Hakuwaruhusu waliobaki hai kuusoma mnara ule kama hukumu ya Mungu juu ya waliokufa. Nami sioni kwa nini tujiruhusu kukisoma kivuko hivyo. Kivuko kile kilikuwa na watu wengi kuliko uwezo wake, na zaidi ya 220 walikufa. Jambo lililofanywa na mikono ya watu tusilipeleke mbinguni likatafutiwe maana, halafu hapa chini pasiwe na wa kujirekebisha.

Dada yako alipendwa. Alipendwa asubuhi ile alipokwenda gulioni na alipendwa majini. Yesu alilia akielekea kaburini kwa Lazaro ilhali alijua anakwenda kumfufua. Hakumwambia Martha wala Mariamu wanyamaze.

Kwenu mlionusurika nawasihi hivi: toeni ushuhuda, ni haki yenu na ni wajibu wenu. Semeni "Asante Bwana, niko hai." Hapo ishieni. Mkiongeza sababu ya ninyi kubaki hai, mnamjeruhi mtu aliyekaa benchi la nyuma na picha ya marehemu kwenye simu yake.

Kuhusu kutetemeka: wanafunzi walipiga kelele katika dhoruba na Yesu akiwa chomboni mwao. Hofu yako imetoka kwenye jambo lililotokea kweli. Vaa jaketi okozi kila safari, kataa chombo kilichojaa hata wakikucheka, na usisafiri peke yako ukiweza. Ukikosa usingizi au kazi ikikushinda, nenda ukaongee na mganga wa hospitali kama ambavyo ungeenda kwa malaria.

Mwalimu, nimemaliza chuo miaka minne iliyopita, sasa naendesha bodaboda hapa Nyegezi. Mtumishi mmoja ameniambia nipande mbegu ya laki moja na ninunue mafuta ya upako ndipo milango ya ajira ifunguke. Hela ninayo, nimejibana. Nitoe?

Usitoe. Simoni wa Samaria alipoleta fedha ili apate uwezo wa Roho, Petro alimkemea yeye na fedha zake. Iko Matendo sura ya 8. Sadaka ni njema, na sadaka yenye bei ya kufunguliwa mlango ni biashara.

Nikupe mfano wa tumaini kutoka Yeremia 32. Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu, nabii mwenyewe yuko kifungoni, na ndugu yake anakuja kumuuzia shamba huko Anathothi, nchi ambayo adui anaichukua. Yeremia ananunua. Anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, anaandika hati, anaitia muhuri mbele ya mashahidi, anaagiza iwekwe katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Mungu alikuwa amesema mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile, naye akafanya kile ambacho mtu mwenye kesho hufanya.

Kwa hiyo laki yako iandikie hati. Leseni yako iko hai? Bima ya pikipiki je? Kuna fundi wa kukufundisha kitu ambacho cheti chako hakikukufundisha? Endelea kuomba kazi ya fani yako, na usiidharau pikipiki: Paulo alishona mahema Korintho huku akihubiri, na hakuna aliyemwona amepotea njia.

Nimetoka hospitali baada ya upasuaji, nipo nyumbani Igoma. Wenzangu wakipona hufanya shukrani kubwa: turubai, spika, pilau kwa jumuiya nzima. Mimi sina uwezo huo. Mungu ataniona sina shukrani?

Hata kidogo, dada. Wakoma waliotakaswa katika Luka 17 walikuwa 10, na aliyerudi alikuwa mmoja, Msamaria. Alikuja na sauti kubwa, akaanguka kifudifudi miguuni pa Yesu, basi. Hakuna mbuzi aliyetajwa.

Jumapili omba nafasi, simama, sema sentensi mbili, kaa. Siku ya kliniki pitia wodini umtafute muuguzi wa zamu ya usiku umshukuru kwa jina lake. Watu wengi hutoka hospitali wakimshukuru Mungu pekee, na yule aliyewageuza kitandani saa tisa za usiku hasikii neno. Kisha yuko jirani aliyewapikia wanao ulipokuwa umelazwa. Kidonda kikikauka, songa ugali, nunua sato mmoja, mwite yeye na watoto wake wale kwako. Kabla ya hapo usiinue ndoo wala sufuria kubwa. Mwache mwanao mkubwa achote maji.