Kuku wa kienyeji mgumu: shida ni muda

Dada, umeuliza kwa nini kuku wa kienyeji uliyemkaanga moja kwa moja kama wa kisasa amegoma kutafunika. Huyo ameshinda akichakura mchwa, panzi, majani na punje za mahindi. Miguu imefanya kazi, nyama imekaza. Mchemshe kwanza: maji yamfunike, tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, moto mdogo, saa moja na nusu hadi mbili. Jogoo mzee huzidi hapo. Maji yakitokota kwa fujo, nyama hukakamaa. Ndimu tia mwishoni, isilete uchungu. Uma ukizama pajani bila kusukumwa, ndipo ukaange au umtie tui zito. Yale mafuta ya njano juu ya supu usiyamwage! Rangi hiyo ni majani na mahindi ya njano aliyokula, na ladha imo humo.