Nsimire ni Mary Sue, na komando wao je?

SWALI: Yaya, miye niko Bukavu, Kadutu, naandikaka hadisi mu telefone na natumia sura moja moja mu grupu yetu ya WhatsApp. Shujaa wangu njo Nsimire, ana miaka 19, anajua luga sita, anashona kidonda sawa daktari, anaendesha moto kupita wanaume, na kila mutu anamupenda. Sasa vijana wa grupu wananiambia eti huyo ni Mary Sue, ni kusema binti wa hadisi mwenye anaweza yote bila kosa, nimufute. Lakini komando wa hadisi zao anapiganaka na watu kumi peke yake, risasi haimugusi, mabinti wanamulilia, na hakuna mwenye alisema kitu. Hii jina inatoka wapi, na juu ya nini ni ya mabinti tu?

JIBU: Mudogo wangu, letre yako imeniuma, juu najua mabinti wengi wenye waliacha kuandika sababu ya neno moja kama hilo.

Jina lenyewe lilizaliwa Marekani, 1973. Paula Smith, mwanamuke mwenye alikuwa anatengeneza gazeti dogo la wapenzi wa Star Trek, ile hadisi ya televizyo ya safari za angani, alichoka kusoma hadisi za wapenzi wenzake zenye binti ni yule yule kila mara, njo akaandika kahadisi kafupi ka kuzichekelea: Luteni Mary Sue, miaka 15 na nusu, mudogo kupita wote, kapteni anamupenda palepale, wakubwa wakigonjwa anaongoza meli ya angani muzuri mpaka anapewa Nobel, kisha anakufa wakubwa wote wakilia. La wanaume lilikuja nyuma, Gary Stu, wengine wanasema Marty Stu, lakini ni mara ngapi umesikia mutu analitumia? Na ubaya ulionekana: Camille Bacon-Smith, mwenye alichunguza wale waandishi na kutoa kitabu 1992, alikuta wanawake wenye walikuwa wanaogopa hata kuweka mwanamuke mu hadisi zao.

Komando akishinda wanasema ni shujaa, Nsimire akishinda wanataka cheti. Hiyo si haki, na uwaambie hivyo mu grupu.

Lakini sasa tuongee juu ya hadisi yenyewe, juu unastahili jibu la kweli. Angalia Mwindo, shujaa wa hadisi ya zamani ya Wanyanga, huku kwetu Walikale. Amezaliwa anatembea na anasema tayari, conga yake, ile fimbo ya nguvu ya mukia, mu mukono, nani anamuweza? Lakini baba yake mwenyewe anamukataa, shangazi yake Iyangura njo anasimama naye, na kisha kuua joka Kirimu, Nkuba mwenye radi anamupandisha juu, anateswa na baridi na jua mwaka muzima mpaka anakatazwa kuua nyama. Nguvu yake yote iko pale, hawakuipunguza, ila wengine nao wana akili yao na wanaweza kumwambia hapana.

Hapo njo Nsimire wako ana shida. Si luga sita, mutoto wa Bukavu anaweza kujua luga mingi. Shida ni kwamba kila mutu anamupenda, hakuna mwenye anamubishia, wale wengine wote wanabaki watu wa kupiga makofi tu, na komando wao ana ugonjwa huohuo kabisa.

Basi usimufute. Sura ile anashona mutoto sokoni, fanya mama wa mutoto akatae kwanza, amuulize nani alikufundisha, na Nsimire akose jibu.