Mapango ya Amboni na maji moto ya Galanos kwa siku moja

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuzunguka mapango ya Amboni na chemchemi za maji moto za Galanos, karibu na Tanga, kwa miguu kwa siku moja. Inawezekana, ila usianze saa nne kama unavyopanga. Uwe njiani saa kumi na mbili asubuhi. Amboni ni kama km 8 kaskazini mwa Tanga mjini, barabara ya Horohoro, daladala zipo.

Joto la Tanga lina unyevu, jasho halikauki, kwa hiyo mwili haupoi hata ukiwa kivulini. Beba lita 3 za maji kwa kila mtu, na kitu cha chumvi, hata karanga. Maji ya chemchemi usiyategemee kwa kunywa: yana salfa.

Anza na mapango, tena na mwongozaji. Tochi mbili, si ya simu peke yake. Mawe ya chokaa ya mapangoni yakilowa yanateleza kama sabuni, vaa viatu vyenye meno. Ndala ziache kwa ajili ya kuogea.

Kwenye maji moto, vua pete na mkufu wa fedha kwanza, salfa huvitia weusi. Pima joto kwa mkono kabla ya kuingia. Kaa dakika 10 hadi 15, toka, unywe maji. Wengi huzidisha, kisha husimama ghafla na kizunguzungu kinawaangusha kwenye mawe. Usizamishe kichwa wala kuacha maji yaingie puani. Mwenye presha au mjamzito amwone daktari kabla ya safari.

Masika, Machi hadi Mei, ahirisha. Mto wa njiani ukijaa hauvukiki, hata kama mjini hakujanyesha.