Kifaa cha Mionzi Mtoni Huona Nini?

SWALI: Shikamoo Babu. Mimi ni mvuvi wa Mikindani. Nasikia kuna vifaa vinavyokaa mtoni na kutuma vipimo vya mionzi ofisini bila mtu kwenda. Vinaweza kutuambia kama maji ya Ruvuma ni salama?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vipo. Ndani ya kasha lisilopitisha maji mna fuwele ya iodidi ya sodiamu. Mionzi ya gama, ile inayopenya mbali, ikiipiga, inametameta kidogo sana, na ukubwa wa mmeto humtaja mhusika: seziamu-137, itokanayo na nyuklia za binadamu, huonekana kwenye kiloelektroni-volti (kipimo cha nishati ya mionzi) 662, na potasiamu-40, ya asili, kwenye 1,461. Sola na laini ya simu hufanya yaliyobaki.

Lakini nakusihi, usikitegemee peke yake. Maji yenyewe huzuia gama, kwa hiyo kifaa huona kama hatua moja tu kukizunguka. Alfa, aina nyingine ya mionzi, haipenyi kabisa lile kasha, na urani, madini ya mionzi, inajulikana zaidi kwa alfa; hapo lazima uchote maji uyapeleke maabara. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi zaidi alfa ikizidi bekereli (kipimo cha wingi wa mionzi) 0.5 kwa lita, au beta, aina ya tatu ya mionzi, ikizidi 1. (Bahari unayovua ina potasiamu-40 ya asili, karibu bekereli 12 kwa lita. Usiogope.)

Na mvua! Nimekulia Lindi kando ya Lukuledi, nazijua mvua zetu za Januari. Mvua hushusha mazao ya radoni, gesi ya asili yenye mionzi, kutoka hewani, namba zikapanda ghafla, kisha zikashuka baada ya saa chache. Atakayefunga kifaa huku bila kipimamvua pembeni atawatisha watu bure.